Nyumba Niliyoiandika "Mwali Ndani"

Nimeambiwa mnaanza kazi wiki ijayo. Mmepewa fulana, mmepewa daftari, na simu zenu zina sehemu ya kujazia fomu. Vizuri. Kabla hamjapanda mlima, nisikilizeni. Sitawasifu. Wa kuwasifu watakuja siku ya kupiga picha.

Mimi ni Tatu, wa Bigwa. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimetembea nyumba kwa nyumba, kutoka hapa chini hadi vitongoji vya juu ya Kinole, nikitafuta watu wenye ulemavu ambao majirani hawawajui. Nimewaonyesha mama zao namna ya kuwakalisha, kuwalisha na kuwaogesha. Nimegombana na wenyeviti juu ya vyoo na ngazi. Sasa magoti yamekataa, ndiyo maana mmeletwa ninyi.

Aliyenifundisha ni Mama Anyisile, mtu wa Mbeya, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mguu mmoja umekondeshwa na polio, anatembelea gongo. Siku ya kwanza aliniuliza, "Tatu, ukifika mlangoni utasemaje?" Nikamwambia nitapiga hodi, nitaamkia, halafu nitauliza kama humo ndani kuna mlemavu. Alinipiga gongo begani. Nilidhani ananitania, kumbe hapana.

"Ukiuliza hivyo watakuficha hata kuku mwenye kidonda," alisema. "Uliza jana mmepika nini. Uliza mmekula wangapi. Halafu nyamaza, uhesabu."

Ndivyo nilivyofanya kazi. Ukifika kwenye nyumba, angalia kamba ya nguo kabla hujaangalia watu. Kama kuna vitambaa vya kukojolea na mtoto mdogo unayeonyeshwa anakimbia uwanjani, kuna mwingine. Angalia njia ya kwenda chooni, kama ina mti wa kushikilia au alama ya mtu anayejikokota. Angalia nani anainuka unapoongea. Mama mwenye mtoto aliyefichwa hakai akatulia. Atainuka mara tatu kabla hujamaliza chai, na kila akiinuka atakuambia anaangalia jiko, na jiko liko nje mbele yenu wote.

Msije mkadhani nilizaliwa najua. Tulipojenga njia ya mteremko kwenye zahanati moja huko juu, ili watu wa viti mwendo waache kubebwa kama magunia, mimi ndiye niliyesimamia. Fundi aliuliza mteremko uanzie wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, pale, karibu na ngazi, tusimalize saruji. Siku ya kufungua, viongozi wamekaa kwenye viti, tukamwita Mzee Kibwana awe wa kwanza kupanda. Mzee Kibwana alikatwa miguu kwa sukari, ana mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, na ana mdomo. Akasukuma, akasukuma, akafika katikati, kiti kikaanza kurudi nyuma. Walimdaka watu wawili. Akanitazama akasema mbele ya watu wote, "Bi Tatu, hii ni njia ya kuingilia zahanati au ya kuingilia kaburini?"

Tuliibomoa. Andikeni hili: kila shubiri moja ya kimo inataka shubiri kumi na mbili za urefu. Usimwachie fundi akadirie kwa macho, na wewe usikadirie kwa kidole. Pima kwa kamba. Halafu kaa wewe mwenyewe kwenye kile kiti, upande mteremko, kabla hujamwita mzee wa watu.

Lakini kosa la zahanati lilikuwa la saruji, na saruji inabomolewa. Nataka niwaambie kosa jingine.

Ninyi wengine mmetoka Iringa, Tanga, Mwanza, mmekuja kusoma vyuo vya hapa mjini. Lazima niwaeleze desturi. Kwetu Uluguru, binti akivunja ungo anawekwa ndani. Anaitwa mwali. Hapaswi kuonwa na wanaume, wala na mgeni. Anaye kungwi wake, mwanamke mtu mzima, ambaye ndiye anayeingia kwake kumfunza. Siku ya kutolewa nje inachezwa ngoma, anabebwa begani, anatunzwa. Mimi nilikaa ndani miezi sita. Siku hizi mabinti wako shule, wanawekwa ndani likizoni, wiki mbili, tatu, basi. Na mimi kama bibi wa Kiluguru hilo lilinikera. Niliona tunapoteza. Shikeni neno hilo, nilikereka, kwa sababu hapo ndipo nilipopofukia.

Juu ya Kinole kuna kitongoji, sitakitaja. Nyumba zimekaa kwenye ukingo, nyuma yake shamba la migomba na mdalasini, na nyuma ya shamba mlima umesimama kama ukuta. Alihamia pale mwanamke anaitwa Zainabu, ametoka Kisaki, kaachwa na mume. Alirudi kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwetu, maana ardhi tunaifuata kwa mama. Msemaji wa ukoo alikuwa mjomba wake, Mzee Salumu, ndiye aliyempa nyumba na kipande cha kulima.

Nilifika kwake mara ya kwanza mwezi wa sita, shule zimefungwa. Nikauliza jana mmepika nini. Nikauliza mmekula wangapi. Zainabu akasema, "Watatu, bibi. Mimi, mwanangu mdogo huyu, na mwali yuko ndani." Aliposema mwali akashusha sauti, kama inavyotakiwa. Nikashusha na mimi. Nikaandika kwenye daftari: mwali ndani. Nikaenda nyumba ya pili.

Nilirudi mwezi wa kumi. Mwali yuko ndani. Mtu mwenye akili angesema, shule zimefunguliwa, huyu mwali wa miezi minne ametoka wapi? Mimi nikasema nini? Nikasema, "Mwanangu Zainabu, nakupongeza. Wewe peke yako ndiye umeshika mila ya bibi zako." Nilimpongeza! Akainamisha uso. Nikadhani ni adabu.

Nilirudi mara ya tatu masika yanaanza. Mwali yuko ndani. Nikaandika vile vile, nikaaga.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Masika hayo mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Mimi nilikuwa nimelala kwa Hadija, mchuuzi wa ndizi wa kitongoji kile, mwanamke mwenye mabega kuliko wanaume wengi. Asubuhi ya siku ya nne mvua ikapungua, mwenyekiti wa kitongoji, Athumani, akaja mbio mpaka barazani, suruali imekunjwa hadi magotini, tope tupu.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mlima umepasuka juu ya migomba. Ufa unaingiza mguu. Mtendaji amesema nyumba zote za ukingo ziteremke shuleni, sasa hivi. Nipe majina ya wasiojiweza, nipange machela."

Machela mnaijua? Miti miwili na blanketi. Gari haipandi kule. Mgonjwa, mzazi, maiti, wote wanateremka kwa machela, wanaume wanne wanapokezana. Ndiyo maana daftari langu lilikuwa na kazi. Lilikuwa linasema nani abebwe, na yuko nyumba ipi, ili watu wasitafutane mlima ukiwa unakuja.

Nikalifungua, nikamsomea. Mzee Kibwana. Bibi kipofu wa nyumba ya mwisho. Mtoto wa kifafa. Mama mjamzito wa wiki za mwisho. Machela nne zikaondoka na wanaume kumi na sita. Nilijisikia mtu wa maana asubuhi ile. Mzee Kibwana alipita mbele yangu amelala chali, anawapigia kelele wabebaji, "Taratibu nyie, mimi si mkungu wa ndizi!" Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Tukaanza kuteremka na Hadija, nyuma ya watu wote. Kushuka kwetu ndiko kulikotupitisha kwa Zainabu. Nikaona moshi unatoka kwenye paa.

"Huyu bado anapika?" Hadija akasema.

Zainabu alikuwa amesimama mlangoni, katikati kabisa, mikono imeshika miimo huku na huku. Mtoto mdogo hayupo, alishamtanguliza na jirani.

"Zainabu, twende! Huoni wenzako?" nikamwita.

"Tangulieni bibi, nafunga tu mlango."

"Na mwali?"

"Atatoka na mimi."

"Hawezi kutoka hivi hivi. Kungwi wake nani, tumwite aje amfunike?"

Akababaika. Akasema, "Bi Mwanne."

Hadija akageuka akanitazama, halafu akamtazama yeye. "Zainabu," akasema polepole, "Bi Mwanne tulimzika kabla ya mfungo. Na wewe ulikuwepo, ulibeba maji."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwezi wa sita, mwezi wa kumi, masika. Niliona kama mtu amenimwagia maji ya kisima mgongoni. Machela zote nne zilikuwa zimeshapita kona ya mnazi, wanaume wote wameshateremka, isipokuwa Athumani na wenzake wawili waliokuwa wanakagua nyumba zilizobaki. Nikawapigia ukelele. Walikuja, lakini walipofika uwanjani wakasimama.

"Kuna mwali humo, Bi Tatu," Athumani akasema. "Sisi wanaume hatuwezi kuingia."

"Hakuna mwali."

"Daftari lako ndilo linalosema."

Hilo neno lilinichoma, na alikuwa hakukusudia kunichoma. Kijana wa watu alikuwa anaheshimu nilichoandika.

Kabla sijajibu, Mzee Salumu akatokea kwa upande wa migomba, ana panga mkononi, alikuwa anatoboa mifereji. "Kuna nini mlangoni kwangu?"

"Shikamoo mjomba," Zainabu akasema, hakuondoa mikono kwenye miimo.

Mzee Salumu hakuitikia. Akaniambia mimi, "Tatu, huo ni mlango wa ukoo wangu. Rudi kwenye shughuli zako."

"Nani yuko ndani, Salumu?"

"Mwali."

"Nimewatoa wanawali nje tangu wewe hujaota ndevu. Nipishe nimwone mwali wako."

"Ukimtoa huyo," akasema, na sasa alikuwa anamwambia Zainabu, "ukimtoa huyo watu wakamwona, usirudi kwenye shamba langu. Tulikubaliana. Nilikupa nyumba, ukanipa neno lako. Ndugu zako wadogo wataolewa na nani, wakisema tumbo letu linazaa hivyo?"

Nyuma ya nyumba kitu kikalia. Hakikuwa kishindo. Ilikuwa sauti ya mizizi inakatika, tap, tap, kama mtu anavunja kuni. Wale vijana wawili wakarudi nyuma hatua kadhaa. Hadija akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini.

Nataka mjue jambo hili mapema. Ningeweza kumsukuma Zainabu. Hadija angeweza kumwinua akamweka pembeni kama mkungu. Lakini Mama Anyisile alinifundisha kwamba mtoto aliyetolewa kwa nguvu unamtoa siku moja, na siku ya pili anarudishwa mahali pabaya zaidi. Mwenye mlango ndiye afungue. Kwa hiyo nilimsogelea mpaka uso wangu ukakaribia wake, nikamwambia kwa sauti ambayo mjomba wake hakuisikia, "Mwanangu, anaitwa nani?"

Akanong'ona. "Shani."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

"Anatembea?"

Akatikisa kichwa.

Kuni zikavunjika tena nyuma ya nyumba. Zainabu alimtazama mjomba wake. Halafu aliniangalia mimi, akashusha mkono mmoja, wa kulia, nafasi ya kupita mtu mmoja. Akasema, "Usiuvute mguu wa kushoto, bibi. Unamuuma ukivutwa."

Nikaingia, Hadija nyuma yangu.

Nilitegemea harufu. Nimeingia vyumba vingi vya watoto waliofichwa, najua ninachokutana nacho. Hapakuwa na harufu. Chumba kimefagiwa. Kwenye kona, juu ya mkeka na godoro la majani makavu ya migomba, alikaa binti amesukwa nywele vizuri, amepakwa mafuta, amevaa gauni safi. Miguu imepishana kama mkasi, mikono imekunjika kifuani, na shingo inayumba anapojaribu kunitazama. Macho yake yalikuwa macho ya mtu anayeelewa kila neno lililosemwa pale nje.

Sasa hili ni la kazi, na mlishike. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akishtuka, misuli yake inakaza kama gogo. Ukimvuta mkono unaweza kumtegua, na kadiri unavyovuta ndivyo anavyozidi kukaza. Hadija alikuwa tayari anamshika kwapani. Nikamzuia. Nikapiga magoti, nikaweka mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine nyuma ya mabega, nikamkunja kwanza nyonga, halafu magoti, kidogo kidogo, kama unavyomkunja mtoto mchanga. Halafu unasubiri. Unasubiri mpaka uhisi msuli umeachia wenyewe.

"Bi Tatu, mlima!" Hadija akasema.

"Nausikia."

"Basi tumbebe!"

"Tukimbeba hivi atateleza mgongoni mwako kama gogo bichi. Ngoja."

Nilihesabu pumzi zake. Sijui zilikuwa ngapi. Vumbi la udongo lilidondoka kutoka ukutani likaangukia mkono wangu. Nilimwambia, "Shani, mimi ni bibi Tatu. Tunatoka. Utakaa mgongoni kwa Hadija, miguu utaipanua mmoja huku mmoja huku, mama yako yupo. Hakuna atakayekuvuta." Lazima umwambie mtu unachotaka kumfanyia kabla hujamfanyia. Hata kama humo ndani panaungua moto, mwambie. Nikahisi paja la kulia linalegea, halafu la kushoto, nikasema, "Haya, Hadija, geuka."

Tukamfunga mgongoni kwa khanga mbili, moja chini ya makalio, moja kwenye mabega, mimi nashikilia kichwa kwa nyuma. Tulipofika mlangoni Zainabu alikuwa ameshika khanga ya tatu, ameitandaza, anataka kumfunika kichwa na uso, kama mwali anavyofunikwa anapotoka. Na Athumani na wenzake, kwa adabu yao, walikwisha kugeuza nyuso, wametazama njia.

Zainabu akamfunika.

Tukaanza kuteremka. Njia ilikuwa imekuwa mfereji. Vijana mbele wanakata hatua kwa jembe bila kugeuka, Hadija nyuma yao anakanyaga walipokata, mimi nashikilia kichwa, Zainabu nyuma yangu, na nyuma kabisa, hatua nyingi nyuma, Mzee Salumu na panga lake. Nilikuwa nasikia pumzi ya binti chini ya khanga, nzito, ya haraka. Hadija akateleza, akapiga goti moja, nikamdaka Shani shingo. Nilidhani tumekwisha.

Pale Hadija alipokuwa bado amepiga goti, sauti ikatoka chini ya khanga. Ilitoka kwa kukokotwa, neno moja moja, kama mtu anayevuta ndoo kisima kirefu.

"U-si-ni-funike."

Zainabu akasimama. "Mwanangu, watu watakuona."

"Na mimi... ni-wa-one."

Khanga ilikuwa mkononi kwa mama yake. Mimi sikuigusa, Hadija hakuigusa. Zainabu aliivuta, akaikunja mara mbili, akamtandikia mwanawe chini ya kidevu, mahali ambapo mate yanatoka, na kichwa kikabaki wazi. Athumani akageuka kuona kwa nini tumesimama. Akamwona. Binti naye akamtazama, shingo inayumba, mvua inampiga usoni, na mimi nawaambia alikuwa anacheka. Athumani, kijana wa watu, hakujua mila inasemaje hapo. Halafu akasema, "Hujambo, mdogo wangu," akarudi kukata hatua.

Tulifika shuleni sote.

Najua mnachosubiri niseme, kwamba mlima uliteremka ukaimeza ile nyumba. Haukuteremka. Shamba la migomba lilikatika kipande, ufa ukajaa maji, na siku ya tano jua likatoka. Nyumba ya Zainabu iko pale mpaka leo. Na hilo lilitupa taabu kuliko kama ingezikwa, kwa sababu Mzee Salumu alisimama kwenye uwanja wa shule akaniambia, "Mlima wako uko wapi, Tatu? Umemwanika binti wa watu bure." Wapo walioitikia kwa vichwa kumkubalia. Mama mmoja alimsogeza mtoto wake mbali na mkeka wa Shani, kama vile hali ile inarukia.

Zainabu alilala kwenye darasa siku nane, hana pa kurudi. Nilikwenda kwa mama mkubwa wa Mzee Salumu, bibi kikongwe wa ukoo ule, nikamweleza. Alivaa ushungi akaomba abebwe, naye akapanda kwa machela mpaka kwa Mzee Salumu. Nilikuwepo. Alimwambia hivi: "Salumu, wewe watoto wako ni wa ukoo wa mke wako. Ukoo wetu unapita kwa Zainabu na kwa binti wa Zainabu. Sasa umeuficha ukoo wetu ndani ya chumba karibu mwaka mzima, unaona aibu ya nani?" Mzee Salumu alijikuna shingo. Hakuomba radhi, msije mkadhani. Alisema tu mlango wa Zainabu una kizingiti kirefu, na kwamba yeye hatakikata. Zainabu akarudi na mwanawe. Athumani ndiye aliyekikata kizingiti, na vijana wakasawazisha njia mpaka barabarani, kwa kipimo cha shubiri moja kwa kumi na mbili. Nilikaa pale na kamba yangu.

Mengine ya Shani yalikuja taratibu. Tulimtengenezea kiti cha kona kwa mbao za mwarobaini, chenye meza mbele, ili mgongo uwe na pa kuegemea na mikono ipate kazi. Mama yake nilimfundisha kumlisha akiwa amekaa, kidevu kimeinama kidogo, si kichwa nyuma, maana chakula kinaingia kwenye pafu. Shule bado ni vita, na vita hiyo nawaachia ninyi. Mwalimu mkuu anasema hana choo kinachofaa. Mkamwulize amekwisha kupima mlango wa choo au amekadiria kwa macho.

Hayo yote ningeweza kuwaambia kwa kujisifu. Bi Tatu aliyemtoa mtoto mlimani. Wapo wanaonisifu hivyo hapa Bigwa, na mimi nimewaacha waseme muda mrefu. Leo nawaambia ninyi lililobaki.

Mwaka uliofuata nilipanda kumwona, magoti yakiwa bado yanakubali. Alikuwa kwenye kiti chake nje ya mlango. Sasa anasema vizuri kidogo ukimpa muda, na lazima umpe muda, msimmalizie maneno yake. Mama yake aliingia ndani kuchemsha chai. Shani akanitazama kwa muda mrefu.

"Bibi," akasema. "Ulikuja mara tatu."

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Nilikuwa nasikia sauti yako. Unauliza... wamekula wangapi." Akapumzika. "Mara ya tatu... niligonga. Nilipiga ukuta kwa kichwa. Mara nyingi." Akapumzika tena, macho hayakuondoka kwangu. "Ulisikia?"

Ningeweza kumwambia mvua ilikuwa kubwa. Ningeweza kumwambia masikio ya kizee. Ile siku hakukuwa na mvua. Nilikuwa nimekaa barazani mgongo wangu umeegemea ukuta ule ule, na nilisikia, na hata nilihisi mgongoni. Mama yake akaniambia ni mbuzi. Nilijua si mbuzi. Nilijua, nikasema moyoni, mambo ya mwali si ya kuchunguzwa, jua linakwenda na nina nyumba tatu mbele. Nikaandika. Nikaaga.

"Nilisikia," nikamwambia.

Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, nikajizuia, kwa sababu kilio changu kingekuwa kazi nyingine ya yeye kunibembeleza. Mkono wake uliteleza juu ya meza, ukakaza, ukaachia, ukafika ukingoni, ukagusa kigoda kilichokuwa pembeni.

"Basi kaa," akasema. "Leo... usiage."

Nikakaa.